Kutoa la moyoni kwa kalamu: jinsi ya kuandika mpaka roho itulie

Naomba nianze na kitu ambacho kilinichanganya sana kipindi sijajua chochote kuhusu haya mambo. Baba yangu alipofariki, kule Muheza, mimi ndo dada mkubwa kwa hiyo kila aliyekuja msibani alikuwa ananishika mkono ananiambia jikaze mwanangu, wewe ndo unategemewa, usilie mbele ya wadogo zako. Nikajikaza. Tukazika, tukamaliza arobaini, nikarudi Dar kwenye cherehani yangu, na hapo ndo usingizi ukakata kabisa. Simu ilikuwa imejaa yale maneno mazuri ambayo watu wanatumiana asubuhi, wewe ni imara, leo ni siku yako, usikate tamaa, na mimi nikawa nayasoma kwa sauti mbele ya kioo kama dozi, asubuhi na usiku, na kiukweli kila nikisema "mimi ni imara" kuna kitu ndani kilikuwa kinanijibu, muongo. Baada ya wiki mbili hali yangu ilikuwa mbaya kuliko nilipoanza.

Nimekuja kujua baadaye kwamba hata watafiti wameliona hili. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwaambia watu wajisemee "mimi ni mtu wa kupendwa" kila wakisikia kengele. Wale ambao toka mwanzo walikuwa wanajithamini walipata nafuu kidogo. Wale waliokuwa wanajidharau, yaani wenye shida hasa, waliishia kujisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuambiwa waseme chochote. Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu maana ilikuwa mimi kabisa pale mbele ya kioo.

Kwa hiyo ninachotaka kukuelekeza hapa ni hiki: maneno mazuri yanasaidia sana ila yanakuja ya pili. Kwanza unaandika ukweli ulivyo na uchungu wake wote, ndo baadae unatafuta neno zuri ambalo moyo wako utalipokea. Ukianza na la pili moyo unalitema.

Zoezi lenyewe

Aliyeanza kulipima hili zoezi kitaalamu ni Mmarekani James Pennebaker pamoja na mwenzake Sandra Beall, matokeo yao yalitoka mwaka 1986. Walichukua wanafunzi wa chuo, wakawaambia waandike dakika 15 kila usiku kwa siku 4 mfululizo. Kuna waliopewa mada za kawaida tu, kama kuelezea chumba unachokaa au viatu ulivyovaa. Wengine waliambiwa waandike jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, na hao nao wakagawanywa, kuna walioandika matukio tu bila hisia, kuna walioandika hisia tu, na kuna walioandika vyote viwili, kilichotokea na nilivyojisikia. Miezi 6 baadae wakaangalia nani kaenda sana zahanati ya chuo kwa kuumwa. Walioandika tukio na hisia pamoja walikuwa wameenda mara chache. Walioandika matukio tu hawakutofautiana sana na wale wa viatu.

Hapo kuna somo ambalo wengi tunalikosa, maana ukitupa daftari wengi wetu tutaandika kama ripoti ya polisi, siku ya tarehe fulani nilifika akaniambia hivi nikamjibu hivi, mwisho. Haijafika popote hiyo.

Niwe mkweli pia, hii sio dawa ya kila kitu. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za kuandika kwa namna hii na kwa ujumla zilionyesha kwamba inasaidia, ila ukipiga wastani msaada wenyewe ni mdogo. Wapo inaowasaidia sana, wapo ambao hawaoni tofauti. Ila ni peni na daftari tu na dakika 15, na kwa mtu ambaye hana hela ya kumlipa mshauri wala hana wa kumwambia, mimi naona inafaa kujaribu.

Sasa unafanyaje. Tafuta daftari lolote, mimi nilianzia kwenye daftari langu la vipimo vya wateja kwa sababu ndo lililokuwa mkononi, upande mmoja kifua 38 kiuno 34, upande wa pili mambo ya baba. Chagua muda ambao hakuna atakayekuita, kwangu ilikuwa saa tatu usiku nikishafunga kibanda, kwa mwenye watoto wadogo labda alfajiri kabla hawajaamka. Weka alamu ya simu dakika 15 halafu igeuze simu kifudifudi. Andika bila kunyanyua peni, usirudi kusahihisha, herufi kubwa sijui nukta sijui tahajia achana nayo, changanya Kiswahili na Kisambaa au lugha yoyote ya nyumbani kwenu kama kuna neno linakuja hivyo, maana kuna maumivu yanajua kuongea kilugha tu. Ukikwama andika "nimekwama" mpaka neno lingine lije. Alamu ikilia malizia sentensi yako ufunge. Kesho rudia, jambo lilelile au lingine linalotoka humohumo. Siku 4. Ukimaliza unaweza kuacha kabisa, hakuna anayekudai uandike kila siku mpaka uzeeni.

Naomba nikuonyeshe usiku zangu nne zilivyokuwa maana nadhani mtu akiona ndo anaelewa.

Usiku wa kwanza niliandika mistari kama mitano. Baba hayupo. Nimechoka. Watu walijaa wakala wakaondoka. Sina usingizi. Halafu "sijui niandike nini" nimeiandika mara tatu, ipo mpaka leo kwenye lile daftari.

Usiku wa pili ikatoka simu. Alhamisi moja kabla hajaugua baba alinipigia mchana, nikaiona, nilikuwa namalizia sare za kamati ya harusi na wateja wamenisimamia kichwani, nikasema nitampigia jioni. Jioni nikasahau. Ijumaa usiku nikapigiwa mimi, kwamba amezidiwa wanampeleka hospitali, na sikuongea naye tena. Hii niliiandika huku nalia mpaka wino ukavuja ukaingia kwenye vipimo vya mteja.

Usiku wa tatu nikaona naandika "kwa sababu" mara nyingi. Silali kwa sababu nikifumba macho naiona ile simu. Nawakaripia wadogo zangu kwa sababu wao walikuwepo na mimi sikuwepo. Nikaandika "kumbe". Kumbe sio huzuni peke yake, kumbe naona aibu, naogopa mtu aje aniulize mara ya mwisho uliongea na baba lini.

Usiku wa nne nilimpigia mdogo wangu kwanza, nikamuuliza hivi ile Alhamisi baba alikuwa ananitafutia nini. Akacheka kidogo akasema dada, machungwa, alikuwa anataka kukwambia machungwa yamekomaa, useme lini akuwekee gunia kwenye basi. Nikakaa na daftari nikaandika ile simu upya kama vile nimeipokea. Shikamoo baba. Marahaba, hujambo mama, machungwa yapo. Tuma Jumamosi baba nitayafata stendi. Basi. Dakika mbili za maongezi. Nililala usiku ule.

Nilivyokuja kusoma kazi za Pennebaker nikashangaa, maana yeye na wenzake walipokaa kuchambua maneno ya watu waliopona vizuri waliona kwamba wanavyozidi kuandika siku baada ya siku yale maneno ya kutafuta chanzo na ya kuelewa yanaongezeka, ya aina ya kwa sababu, nimegundua, sasa naelewa. Mtu ambaye siku ya kwanza mpaka ya nne anarudia lalamiko lilelile kwa maneno yaleyale hapati sana. Kwa hiyo ukijiona siku ya tatu bado unaandika "amenitesa amenitesa", jilazimishe kuanza sentensi moja na "iliniuma hivi kwa sababu" halafu uone inakupeleka wapi.

Lipe jina lake

Hapa naomba tukae kidogo maana kwangu ndo penye utamu wa jambo zima. Siku hizi sote tuna neno moja, stresi. Nina stresi na kazi, nina stresi na mume, huyu mtoto ananipa stresi. Stresi ni kapu, ndani yake kuna vitu kumi tofauti na kila kimoja kina njia yake ya kutokea. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya moyoni na tumeyaacha yanaota vumbi.

Chukua hasira na uchungu. Hasira inataka kujibu, uchungu unataka kulia. Kinyongo ni hasira iliyolala, mtu mnasalimiana naye vizuri kabisa lakini bado hujasahau. Dukuduku ni lile neno ulilotakiwa kuuliza ukanyamaza, likabaki linakukereketa. Hofu ina kitu chake unachokiogopa, wasiwasi hauna, unakuamsha saa nane usiku na ukiuuliza unaogopa nini haujibu. Upweke ni kukosa watu, ukiwa ni kuachwa, kama nyumba iliyohamwa. Wivu unasema na mimi nataka, husuda inasema bora na yeye akose. Mtu aliyevunjika moyo bado anakitaka kile kitu, aliyekata tamaa hakitaki tena, na usipojua uko wapi kati ya hayo mawili hata ushauri unaopewa hautakukaa. Kihoro ni mshtuko wa kupotelewa, ule wa kukaa umeduwaa. Aibu unaweza kuwa nayo peke yako chumbani ila fedheha lazima kuna macho ya watu.

Kuna binti nilikuwa namfundisha kushona, alikuwa anakuja kazini amenuna kila tarehe za mwisho wa mwezi. Anasema dada nina stresi na mama mwenye nyumba. Nikampa karatasi nikamwambia andika dakika 10, sitasoma, ila ukimaliza tafuta neno moja tu badala ya stresi uniambie. Akaandika, akafuta, akaandika. Mwisho akasema fedheha. Kumbe kodi alikuwa anaipata, ila yule mama alikuwa anamdai uani mbele ya wapangaji wote wanaofua, na yeye anabaki ameinamisha kichwa. Angeendelea kuita stresi angehama nyumba. Alipolijua jina lake alienda kumwomba yule mama kwa adabu, mama naomba ukinidai uniite ndani, na yule mama akakubali, maana hata hakuwa anajua kama anamuumiza.

Na hii ya kutaja hisia kwa jina nayo imepimwa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao unapigwa picha na mashine. Mtu alipochagua neno la ile hisia anayoiona, kile kisehemu cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari, kinaitwa amigdala, kilipunguza kasi. Kulitaja tu jina. Wazee wetu wanaosema sema utoe, usiweke moyoni, walikuwa wanajua wanachosema.

Kwa hiyo kila ukimaliza dakika zako 15, chini ya ukurasa andika neno moja. Usiandike "vibaya", usiandike "stresi". Tafuta lile lenyewe, na kama yapo mawili andika mawili, mtu anaweza kuwa na majuto na kinyongo kwa wakati mmoja na kwa mtu huyohuyo.

Utajisikia vibaya kwanza, na kuna wakati uache

Usishangae ukimaliza kuandika ukawa mzito zaidi. Wale wanafunzi wa 1986 pia walitoka pale wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia, nafuu ilikuja baadae. Ndo maana nasema usiandike ukiwa unataka kulala dakika hiyohiyo, acha hata nusu saa, oga, kunywa chai, kaa na watu mezani.

Ila kuna mpaka na naomba uuheshimu. Pennebaker mwenyewe ana kanuni kwamba kama unahisi ukiandika jambo fulani utapasuka, basi usiliandike, andika lingine. Na kama jambo limetokea juzi tu, ajali, msiba, kuvamiwa, usikimbilie daftari, kwanza kaa na watu, kula, lala, wiki zipite kidogo. Na kama unaandika na kila siku ukurasa unakupeleka kwenye kutaka kujidhuru au kutamani usiwepo, hapo daftari lifunge, mwambie mtu mmoja leo leo, nenda hospitali ukaulize huduma ya afya ya akili, hospitali kubwa kama Muhimbili wanayo na sio aibu kabisa. Kwa walioko Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure, na kwa watoto Kenya na Tanzania kuna 116. Kuandika kunasaidia mtu anayetembea, aliyeanguka anahitaji wa kumnyanyua.

Nani atasoma?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na wanawake wanaokaa chumba kimoja na familia nzima. Na ni swali la haki maana ukijua kuna mtu atasoma hutaandika ukweli, utaandika barua ya kujitetea. Njia ziko nyingi. Andika kwenye karatasi za kuchana, ukimaliza weka kwenye jiko la mkaa unapowasha, faida iko kwenye kuandika, kutunza ni hiari yako. Au andika nyuma ya daftari la mahesabu ambalo hakuna anayehangaika nalo. Wengine wanaandika kwenye simu kwenye ile sehemu ya kujitumia meseji mwenyewe WhatsApp, inafaa, ila weka namba ya siri na jua kwamba simu zinaazimwa. Mimi bado naamini mkono na peni, unakwenda polepole na mawazo yanalazimika kusubiri, lakini kama simu ndo itakufanya uandike basi andika kwenye simu.

Kitu kimoja tu nakuomba usifanye, usiipeleke stetasi. Najua ile hamu. Unaandika fumbo, unajua fulani ataliona, unakaa unahesabu nani kaangalia. Hapo hujatoa la moyoni, umeanzisha ugomvi mwingine na sasa una mambo mawili ya kuwaza.

Sasa maneno mazuri

Ukishaandika ukweli, ndo uje huku. Na hapa mimi natumia akili ya kununua kanga. Mwanamke hanunui kanga kwa rangi tu, anaikunjua kwanza asome jina lake. Rangi inaweza kuwa nzuri sana lakini maneno sio yake, anaikunja anairudisha. Maneno ya kujiambia nayo yachague hivyohivyo. Lisome, sikiliza ndani panajibu nini. Pakijibu "muongo", lirudishe hata kama limempendeza kila mtu.

Nilichofanya mimi ni kuliteremsha neno mpaka lifike mahali naweza kulisimamia. "Mimi ni imara" lilinishinda. Nikaandika: leo nimeamka, nimefungua kibanda, nimekata magauni mawili. Hilo hakuna wa kunibishia hata mimi mwenyewe. Wiki iliyofuata nikaweza kuandika: naweza kufanya kazi hata siku ambayo nina huzuni. Badala ya "najipenda" unaweza kuanza na "leo sitajitukana". Badala ya "kila kitu kitakuwa sawa" jaribu "sijui kesho, ila leo jioni najua nitakula na wanangu". Ni madogo hayo, ila yanashika.

Kingine kilichonisaidia ni kujiandikia kwa jina kama vile namwandikia mtu mwingine. Wadogo zangu wananiita Dada Mkubwa, basi naandika: Dada Mkubwa, leo umemfokea mteja, umechoka, na umechoka kwa sababu jana hukulala, kesho mwombe radhi. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha mwaka 2014 kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao badala ya "mimi" wanapata wasiwasi mdogo kabla ya jambo gumu, kwa mfano kutoa hotuba mbele za watu. Naona sababu inaeleweka, rafiki yako tungemwongelesha kwa upole, sisi wenyewe ndo tunajichapa, sasa jina linakusogeza pembeni kidogo ukajiona kama rafiki.

Kuhusu shukrani. Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 waliwafanya watu waandike mara moja kwa wiki, wiki 10, vitu mpaka vitano wanavyoshukuru, wengine wakaandika kero zao. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri kuliko wale wa kero. Mara moja kwa wiki, nakazia hapo, maana utafiti wa Sonja Lyubomirsky uliona kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika na walioandika mara tatu hawakunufaika, inakuwa mazoea mkono unaandika moyo haupo. Chagua siku yako, mimi Jumapili baada ya kula. Na usiandike "nashukuru kwa uhai na afya" ukamaliza, hiyo ya kwenye sala iko sawa na iendelee, ila kwenye daftari andika kitu chenye sura. Jumapili iliyopita niliandika: jirani alinianulia nguo mvua ilipoanza, akazikunja zote na kuziweka kwenye ndoo. Naweza kuiona ile ndoo ya nguo zimekunjwa mpaka soksi.

Kuna na la kuandika maisha unayoyataka. Laura King mwaka 2001 aliwaambia watu waandike dakika 20 kwa siku 4 kuhusu wao wenyewe huko mbele, mambo yakiwa yameenda vizuri kadri inavyowezekana. Hawa hawakupata ule uzito wa wanaoandika maumivu, na miezi 5 baadae nao walikuwa wameugua mara chache. Hii inamfaa sana mtu ambaye hataki au hawezi kufukua ya nyuma kwa sasa. Andika mpaka vitu vidogo, unaamka wapi, dirisha linaangalia nini, nani anakugongea mlango.

Na kama tatizo lako ni usingizi tu, kichwa kinazunguka na mambo ya kesho, dakika 5 kabla ya kulala andika orodha ya kazi za kesho, kwa kina, sio "kazi" ila "kumpigia mwenye vifungo, kununua uzi mweusi, kupeleka daftari la mtoto shule". Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas alilipima mwaka 2018, walioandika ya kesho waliwahi kusinzia kwa kama dakika 9 kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Likiwa kwenye karatasi kichwa kinaliachia.

Barua isiyotumwa

La mwisho ninalotaka kukuachia ni barua. Kwa mtu aliyekufa, aliyekuumiza, uliyemuumiza, au mtoto wako ambaye bado mdogo hawezi kuelewa. Hili liko kwetu toka zamani kuliko hizo tafiti zote. Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate kule pwani ya Kenya, alitunga utendi wake, yaani shairi refu la kumuusia binti yake, mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamwambia binti yake kwamba maradhi yamemshika mpaka yametimiza mwaka na hajapata kumwambia neno jema, basi aje akae karibu na wino na karatasi, kwa sababu moyoni kuna hadithi. Mama anaumwa, anajua muda ni mchache, na kitu anachokiagiza ni wino.

Barua yako anza na salamu kama ambavyo ungemwamkia kweli, shikamoo mama, hujambo mwanangu, maana salamu ndo inayofungua mlango, ukiandika "Kwa ndugu fulani" utaandika kama ofisini. Mweleze habari za nyumbani kwanza. Nani kaolewa, nani kazaa, mvua zimenyesha au bado. Hizi habari ndogo zinakuandaa, na bila kujua utajikuta umeingia kwenye lile jambo lenyewe. Liseme. Omba radhi kama ni ya kuomba. Kama ni ya kudai, dai. Halafu msikilize, yaani andika mistari michache unayodhani angekujibu, kwa sauti yake na maneno yake alivyokuwa anaongea. Hapo usiharakishe.

Mimi naandika kila msimu wa machungwa. Mdogo wangu ndo anayatuma siku hizi, nikishayapokea stendi na kuyagawa kwa majirani nakaa jioni na daftari la vipimo, namwamkia baba, namwambia gunia limefika, mangapi yameoza njiani, bei ya soko mwaka huu imesimama wapi, na kwamba ule mchungwa wa karibu na choo alioukatia tamaa umezaa.